Wajukuu Wametumwa

Mzazi anayefundisha wanawe nyumbani ana faida moja ambayo hata majirani zangu wa Leicester, wanaotuonea huruma kwa mengi, huikubali bila ubishi: husafiri wakati wenzake wamefungwa na kalenda ya shule. Uingereza, ukimtoa mtoto darasani katikati ya muhula ili akamwone bibi yake, halmashauri inaweza kukutoza faini. Tangu Agosti 2024 faini hiyo ni pauni 80 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa inafika 160. Ndiyo maana familia nyingi hurundikana kwenye ndege za Julai, Agosti na Krismasi, na mashirika ya ndege, ambayo kalenda ya shule yanaijua kuliko walimu, hupandisha nauli. Sisi tulisubiri Septemba.

Sheria inayoturuhusu ni ya mwaka 1996. Kifungu chake cha 7 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kwenda shule au kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotulinda sisi, pamoja na watoto wengine zaidi ya 111,000 waliohesabiwa England msimu wa vuli wa 2024 kuwa wanasoma nyumbani. Kifungu hicho nilimsomea mama yangu kwa simu. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amefundisha Muleba maisha yake yote ya kazi, na sheria anayoijua yeye ni ile ya Tanzania ya mwaka 1978, inayomtaka mzazi ampeleke mtoto shule, apende asipende. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Njia nyingine ipi?"

Nikamwambia njia mojawapo ni kuja kwake.

"Basi njooni," akasema. "Lakini waje na madaftari."

Maandalizi ya safari na watoto wadogo yana uchovu wake ambao hausimuliki vizuri, kwa hiyo nitapita haraka. Watoto wangu, binti wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita, wana pasipoti za Uingereza. Sheria ya uraia ya Tanzania ingewavumilia na uraia wa pili hadi watimize miaka 18, ila makaratasi yake hatujayafuatilia, hivyo kila mmoja alilipiwa viza ya dola 50. Kulipa dola 50 ili mtoto akamwamkie bibi yake ni jambo ambalo sijalizoea. Baba yao alikuwa anabaki kazini, kwa hiyo aliandika barua ya kuturuhusu kusafiri bila yeye, maana mama anayevuka mipaka na watoto peke yake huulizwa maswali. Vidonge vya kuzuia malaria vilipimwa kwa uzito wa kila mtoto, na mdogo akavila vimesagwa ndani ya jemu, kwa vita kila asubuhi. Mkwe wangu mmoja, aliyekuwa amesoma habari za virusi vya Marburg vilivyoua watu sita wilayani Bukoba mwaka 2023, alinitumia ujumbe mrefu wa kunisihi nisiende. Nilimjibu kwamba mlipuko ule ulitangazwa kwisha Juni 2 mwaka huohuo. Hilo halikumtuliza, lakini lilikuwa kweli.

Kisha kulikuwa na ratiba. Wazazi wa aina yetu tuna ugonjwa wa ratiba. Kwa kuwa hatuna kengele, tunaogopa kuonekana hatufanyi kitu, na safari yoyote tunaigeuza kuwa mtaala: jiografia ya Ziwa Viktoria, historia ya uhunzi, baiolojia ya mbu, Kiswahili saa moja kila siku. Yangu ilikuwa na rangi nne.

Mwanza tulifika kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Ndege nyingine ingetufikisha Bukoba kwa chini ya saa moja, lakini nilitaka watoto wafike kwetu kama nilivyokuwa nikifika mimi, kwa meli ya usiku. MV Victoria ni meli yenye wasifu mzuri wa kumsomea mtoto aliyezaliwa Uingereza: iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa upya, na ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi majini ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Mwanangu mdogo aligusa riveti moja baada ya nyingine ukutani akiuliza kama hii nayo ilikuja kwa gari moshi. Nikamwambia ndiyo, zote, naye akataka kujua nani alikumbuka ipi inaingia wapi.

Karibu na saa ya kuondoka, wamama waliokaa juu ya mizigo yao daraja la tatu walianza kusali. Binti akaniuliza kwa nini. Nilikuwa sijaamua kama nitamwambia. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, ilipinduka ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Wengi walizikwa pamoja Igoma. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Redio ya nyumbani haikuzimwa, na shuleni kulikuwa na madawati ambayo wenyewe hawakurudi kwa muda, kwa sababu ya matanga. Sijui ukoo wa Kagera usio na jina katika orodha ile. Nilimweleza kwa kifupi, kwa sauti ya kawaida, kama mama alivyotueleza sisi. Hakulia. Alitoka kwenye kabini, akakaa muda, akarudi na kuniambia kwamba maboya ya kuvaa yapo, ya watoto pia, na kwamba baharia mmoja amemwonyesha jinsi ya kuyafunga na kumtuma arudi amfundishe mdogo wake. Akamfundisha, mara tatu, hadi mtoto akaanza kunung'unika kwa usingizi.

Wakati ule sikulitilia maanani neno la baharia. Niliona tu kwamba ni mtu mwema.

Kemondo tulipita gizani. Kulipopambazuka Bukoba ikajitokeza: vilima, mabati, minazi michache isiyo na sababu ya kuwa huko, na kisiwa cha Musira mbele ya mji. Uwanja wa ndege upo ufukweni kabisa, njia yake inaishia majini, na watu wazima waliokuwa kwenye reli ya meli walinyamaza kidogo walipoutazama. Hapo ndipo ndege ya abiria ilipoangukia ziwani Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, akiwamo kijana Majaliwa Jackson aliyesaidia kufungua mlango wa nyuma. Ziwa hili limetufanya watu wa tahadhari. Ni tabia ninayoipenda kwetu, japo wageni huichukulia kuwa majivuno.

Bukoba tulifikia Hamugembe kwa mdogo wangu, ambaye watoto humwita mama mdogo. Ratiba yangu ilisema siku ya kwanza ni historia ya mji: kituo cha Kijerumani alichokianzisha Emin Pasha mwaka 1890, kanisa kuu la Katoliki, kaburi la Laurean Rugambwa. Mama mdogo alikuwa na mambo mengine. Chai haijaiva, akamwita binti yangu, akampa noti ya elfu tano, akamwambia: "Nenda na kaka yako dukani, mlete chumvi, kiberiti na maandazi sita. Usikubali chenji mbovu."

Nilifungua mdomo. Leicester sijawahi kumtuma mtoto dukani peke yake. Duka lipo mtaa wa pili, lakini kule mtoto akionekana barabarani bila mkubwa, mtu huuliza mama yake yuko wapi, na swali hilo lina meno. Mama mdogo alinitazama tu, mtazamo wa mtu aliyelea wanne. Wakaenda. Walichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia nikiwa nimekaa, kwa hiyo nilisimama getini nikijifanya natazama mvua inayokuja. Walirudi na chumvi, maandazi, na mishumaa badala ya kiberiti.

"Rudini," mama mdogo akasema, bila kukasirika.

Wakarudi. Mara ya pili walileta kiberiti, na habari: mwenye duka anaitwa Baba fulani, ana mtoto wa umri wa binti yangu, kesho atawaonyesha mbuzi. Kiswahili chao cha nyumbani, ambacho mimi hukilea kwa vitabu na nyimbo, kilikuwa kimeenda dukani mara mbili na kurudi kikiwa na maneno mapya. Jioni hiyo mdogo alikataa kuitwa kulala kwa sababu alikuwa anasubiri kutumwa.

Hapo nikaanza kuelewa ninachokiona. Mtoto wa kwetu hafundishwi kwa kukalishwa; anatumwa. Tangu anapoweza kushika kikombe bila kumwaga, anatumwa. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini ndani yake kuna hesabu, kuna lugha, kuna adabu ya kuingia kwa watu, na kuna jambo ambalo mtaala wangu wa rangi nne haukuwa na safu yake: kwamba kuna mtu nyumbani anayesubiri hicho ulichotumwa, na asipokipata, chakula hakina chumvi wala moto hauwaki. Sisi tunaofundisha nyumbani huko ughaibuni tunajisifu kwamba watoto wetu wanajifunza kutoka kwa maisha. Mara nyingi tunachowapa ni mifano ya maisha: duka la kuchezea, bustani ya majaribio, keki inayopimwa ili wajue sehemu. Hakuna anayelala njaa keki ikiungua.

Mvua tuliipata, bila shaka. Bukoba hupokea karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kama mara tatu ya Leicester, na watoto wangu waliokuwa wakijiona mabingwa wa mvua walikaa barazani midomo wazi. Kanisani tulikwenda pia. Rugambwa, mzaliwa wa mkoa huu, ndiye Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Alifariki mwaka 1997 na baadaye akahamishiwa kwenye kanisa kuu. Mdogo aliuliza kama analipa kodi. Tuliondoka.

Katuruka ndipo palipokuwa moyo wa ratiba yangu, na sijutii. Ni kijiji cha Maruku, si mbali na mji, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Wazee walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyeamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, mnara ukaanguka. Wakamwonyesha mahali panapoitwa Kaiija, penye mti mkubwa wa kale, wakisema hapo ndipo wahunzi walipofanyia kazi. Akachimba. Makaa aliyoyapata yalipopimwa yalionyesha watu walikuwa wakifua chuma pale karibu miaka 2,500 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa upande huu wa ziwa walitengeneza chuma cha pua kwenye tanuri zao zama za kale, wakipasha hewa moto kabla haijaingia kwenye tanuri.

Nilikuwa nimeandaa maelezo hayo kwa vielelezo. Mzee aliyetuongoza aliyakata kwa sentensi moja. "Profesa naye alitumwa," akasema. "Wazee walimwambia: chimba hapa." Binti yangu akacheka, akaandika hilo daftarini, na nadhani ndilo atakalolikumbuka. Haikosi ukweli. Vitabu vingi husimulia ugunduzi ule kana kwamba chuma kilijichimbua chenyewe mbele ya mgeni, ilhali masimulizi ya watu wa Maruku yalikuwa yameihifadhi anwani yake.

Kutoka Bukoba kwenda kwa mama unashika barabara ya kusini, unapita Kemondo na Muhutwe, kisha unapanda uwanda wa Kamachumu. Ukifika ukingoni, ziwa linafunguka chini pamoja na visiwa vyake, na kimoja cha vile vikubwa ni Bumbire. Nilisimamisha gari. Henry Morton Stanley, ambaye Uingereza bado ana sanamu zake, aligombana na watu wa Bumbire Aprili 1875 walipomnyang'anya makasia. Agosti akarudi na jeshi la mitumbwi, akasimama mbali kiasi mishale isimfikie, akawamiminia risasi watu waliojipanga ufukweni. Aliandika mwenyewe, kwa fahari, na barua zake zilipochapishwa London baadhi ya wasomaji walikasirika. Binti yangu alikuwa amesoma habari za Stanley katika kitabu cha maktaba yetu chenye picha za kofia na ramani. Kisiwa hakikuwamo. Alikitazama muda mrefu, akauliza kama watu bado wanaishi kule. Wanaishi, nikasema, wanavua dagaa, na dagaa wa mchana tuliowala jana huenda walitoka huko.

Na sasa kwa mama.

Nyumba ya mama imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililopandwa likakumbatia nyumba hadi mlangoni. Mama alisimama barazani. Mdogo akamkimbilia. Binti akasita, kwa sababu binamu zake wa kike walikuwa wamepiga magoti kumwamkia mama yangu na mimi, kama ilivyo desturi ya Kihaya, na wale wa kiume walikuwa wameinama tu. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo, kwa nini wasichana tu. Mama alifundisha Kiingereza darasa la sita.

"Swali zuri," mama akasema kwa Kiswahili. "Kaa kwanza uangalie. Utaniambia wewe mwenyewe baadaye." Kisha akampa akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, wanazopewa wageni kutafuna. Binti akatafuna, uso ukakunjamana, lakini hakutema. Suala la magoti halikuisha siku ile wala baadaye. Kuna siku alipiga na kuna siku alikataa, na mama hakumlazimisha, jambo lililonishangaza, maana mimi nililazimishwa.

Ratiba yangu mama aliisoma akiwa amevaa miwani. Akaikunja vizuri na kuiweka chini ya redio. Kesho yake watoto wakagawiwa kazi.

Mdogo alipewa kijiti. Si mchezo. Muleba ilikuwa kati ya wilaya za kwanza nchini kupigwa na mnyauko wa migomba, karibu mwaka 2006, ugonjwa wa bakteria unaofanya ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza ndani, na mgomba mzima kunyauka. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, na panga la mkulima huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Dawa hakuna. Kinachofanyika ni kuliondoa ua dume mapema, na kuliondoa kwa kijiti chenye panda, unalizungusha hadi linakatika, bila chuma kugusa utomvu. Mtoto wa miaka sita, akishikiwa upondo na binamu yake, anaweza. Kila asubuhi alizunguka kibanja akitazama juu, na kila alipoona mkungu uliomaliza kuzaa vichana alipiga kelele. Ndani ya muda mfupi alikuwa anatofautisha nshakala na nkonjwa ya kuchoma, na alimgombeza mjomba wangu mbele ya watu kwa kupita na panga alilokuwa hajalipitisha kwenye moto. Mjomba aliomba radhi. Sijawahi kumwona mjomba akiomba radhi.

Binti alipewa kahawa. Septemba mavuno ya robusta yanaelekea mwisho, na kwa mama zilibaki za kuanika. Asubuhi anazitandaza, wingu likitokea anazikusanya mbio, jioni anazifunika. Zilipokauka, mama alimtuma na binamu yake mkubwa wakazipeleke kwenye ghala la ushirika. Maagizo yalikuwa matatu: atazame mizani inaanzia sifuri, asome kilo mwenyewe kwa sauti, na arudi na stakabadhi yenye jina la bibi lililoandikwa sawasawa. Hesabu ya bei mara kilo, na makato, ilifanywa usiku kwenye meza ya chakula, mara mbili, na mama akaikagua kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu anayo bado.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa la saba. Kijiji kizima kilitembea kwa kunyata. Magari ya kampeni yaliyokuwa yakipita na spika zao yalitazamwa kwa hasira yalipokaribia shule, na wazazi waliamka usiku kuwapikia watoto uji. Katikati ya hayo walikuwapo wanangu wawili, wazima wa afya, wakirandaranda na vijiti. Majirani waliuliza kwa upole, kila mmoja kwa zamu yake: wako likizo? Wanaumwa? Jirani mmoja, mama wa mtahiniwa, alinisikiliza nikieleza habari za elimu ya nyumbani, kisha akasema: "Waitu, ninyi mnaweza." Hakuwa ananisimanga. Alimaanisha kwamba mtu anaweza kuiacha shule akiwa na uhakika kwamba itakuwapo akiitaka tena. Huku shule ziligombaniwa. Tetemeko la Septemba 2016 lilipoibomoa shule ya Ihungo, watu waliililia kama nyumba ya ukoo. Sikuwa na jibu kwa yule jirani, na nilizidi kumheshimu kwa kutonidai jibu.

Mama alimpa binti mitihani ya miaka iliyopita, ajipime. Hisabati alipita vizuri. Kiswahili alianguka kwenye methali na ngeli. Kiingereza kilizua kesi: mama alisahihisha kwa kufuata majibu yaliyopo, akamkosesha maswali mawili, na mtoto aliyezaliwa Leicester akakata rufaa. Walibishana hadi taa ikazimwa. Asubuhi mama alimrudishia alama moja. Ile nyingine, alisema, Waingereza wenyewe ndio wanaokosea.

Usiku tulilala ndani ya chandarua, na hapa ndipo somo langu la mbu lilipotokea bila mimi. Jirani mwingine alimwambia binti kwamba chandarua kile "kilisomewa hapa". Ni kweli. Mbu wa Muleba walikuwa wameizoea dawa ya kawaida ya vyandarua, na kuanzia mwaka 2014 watafiti wa Tanzania na Uingereza walivigawa vijiji vya wilaya hii: vingine vikapata vyandarua vya kawaida, vingine vilivyoongezwa kemikali ya piperonili butoksaidi, ambayo humnyima mbu uwezo wa kuivunja dawa mwilini. Watoto wa vijiji hivyo walitobolewa vidole kupimwa malaria. Vyandarua vipya vilishinda waziwazi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika The Lancet. Mtoto wa yule jirani, sasa kijana mwenye ndevu, alikuwa mmoja wa waliotobolewa. Alimwonyesha binti yangu kidole, ingawa hakikuwa na alama yoyote. Ziwani, hata hivyo, sikuwaruhusu kuogelea, kwa sababu ya kichocho, na hilo walinilaumu hadi siku ya mwisho.

Wakati wa kurudi tulipanda basi la Muleba hadi Mwanza, kupitia Biharamulo na Geita, ili watoto wavuke daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita tatu. Mimi nililala foleni ya kivuko pale utotoni, tena zaidi ya mara moja, na wao walivuka kwa dakika chache wakila mahindi ya kuchoma bila kuangalia nje.

Walichokuwa wanajadili ni pendekezo la bibi. Usiku wa mwisho mama alinivuta jikoni akasema binti abaki. Asome pale, amalize darasa la saba, kisha tumchukue. Nilimweleza kwamba tiketi yake imeshalipiwa. Akasema tiketi si mtu. Tulipofika Leicester mjadala ukahamia kwenye simu na bado unaendelea: mume wangu anakubali miezi mitatu mwakani, mama anataka miaka miwili, na kila Jumamosi hutuma ujumbe wa sauti wenye hesabu za kahawa, kwa bei ya siku hiyo, na kusubiri majibu kabla ya jioni ya Tanzania. Wote wawili wanazungumza kama vile binti amekwisha kubali. Nilipomuuliza mwenyewe, alitaka kujua mambo mawili: maktaba iliyo karibu na bibi iko wapi, na senene huanza kuruka mwezi gani. La senene nilimjibu, ni Novemba. La maktaba nimemwambia amuulize bibi yake Jumamosi.